Mzee wangu ni Jagr, si Howe

Ukianza tu ubishi wa nani alidumu zaidi kwenye hoki ya barafu, kuna mtu atalitaja jina la Gordie Howe, kisha atakaa kama aliyemaliza kesi. Namwelewa. Aliingia NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, mwaka 1946, na msimu wa 1979-80, akiwa na miaka 51, akacheza mechi zote 80 za timu ya Hartford na kufunga mabao 15. Kabla ya hapo alishacheza Houston timu moja na wanawe wawili, Mark na Marty!

Ila mimi siangalii umri peke yake. Nauliza: timu ilimtegemea? Kwa Howe, msimu wa kujivunia ni 1968-69, miaka 40, pointi 103 (mabao ukijumlisha na pasi za mabao). Ujanani hakuwahi kuzifikisha. Lakini mwaka 1967 ligi ilikuwa imetoka timu 6 hadi 12, na naamini mabeki wengi aliowatesa wasingepata namba miaka miwili nyuma.

Jaromir Jagr, Mcheki, hakupata nafuu hiyo. Msimu wa 2015-16 alitimiza miaka 44 akiwa Florida, akamaliza na pointi 66, kinara wa timu iliyoongoza kundi lake. Barkov, aliyecheza naye safu moja, alizaliwa mwaka 1995. Kufikia mwaka huo, Jagr alishabeba kombe la ligi mara mbili.

Mbio zilikuwa zimemwisha, kila mtu aliona. Alichofanya ni kumpa beki mgongo, kutanua makalio, na kukiweka kile kisahani cheusi kinachochezwa badala ya mpira mbali kwenye ncha ya gongo. Haya, njoo ukichukue. Nguvu za kiuno zile alizitafuta usiku, akijifua peke yake na fulana ya uzito mwilini wakati wenzake wamelala. Alex Ovechkin, mfungaji Mrusi wa Washington, ana ujanja mwingine: anasimama kushoto palepale, anangoja pasi, anapiga. Tarehe 6 Aprili 2025, akiwa na miaka 39, bao lake la 895 likaivunja rekodi ya Wayne Gretzky ya mabao mengi zaidi NHL, tena msimu aliovunjika mguu. Gretzky mwenyewe aliaga mwaka 1999 na mabao 9 tu, lakini pasi za mabao 53. Macho yalikuwa bado.

Jagr alirudi kwao Kladno, Ucheki, kwenye klabu aliyokuwa akiimiliki, akacheza hata baada ya miaka 50. Kwa kipimo changu mwenyewe, miaka hiyo nisiihesabu. Mwenye timu akijipanga kikosini, kocha gani atamweka benchi?