Volks Ikilipuka, Iache Kabureta Kwanza

Volkswagen Beetle ya injini ya 1600 ikianza kupiga mishindo barabarani, bisibisi ya kwanza hukimbilia skrubu za kabureta. Tabia hii naipinga kabisa. Skrubu ambazo hazijaguswa ziko pale pale zilipokuwa gari lilipokuwa likitembea vizuri. Vinavyobadilika kilomita baada ya kilomita ni valvu na pointi, yaani swichi ndogo ndani ya distributa inayofunguka ili plagi zitoe cheche. Ukianza na kabureta, utamaliza siku ukiwa na makosa mawili badala ya moja.

Sikiliza kwanza mshindo unatokea wapi. Ukipigia juu, kwenye kabureta, moto umerudi kupitia valvu ya kuingizia: hewa imezidi mafuta, valvu haifungi, au plagi inawaka wakati si wake. Ukipigia nyuma, ni petroli isiyoungua iliyowakia kwenye ekzosi: plagi inamisi (inaruka cheche), taimingi (wakati wa cheche) imechelewa, au valvu ya kutolea moshi inavuja. Na kama inalipuka pale tu unapoachia mafuta ukiteremka mlima, kagua gasketi za ekzosi, maana hewa kidogo ikipenya hapo inatosha kuwasha mabaki.

Sasa pima valvu, injini ikiwa imelala usiku kucha na kupoa. Nafasi kati ya valvu na roka, mkono unaoisukuma, ni milimita 0.15 kwa zote nane. Weka pistoni ya silinda ya 1 juu kabisa kwenye mgandamizo, rota (kidole kinachozunguka ndani ya distributa) ikitazama alama iliyo ukingoni mwa distributa, pima mbili zake, kisha zungusha puli nusu mzunguko kinyume cha saa. Utakuwa kwenye silinda ya 2, halafu ya 3, halafu ya 4. Fila geji, kibamba chembamba cha kupimia nafasi, ipite ikikwaruza kidogo. Wengi huzibana valvu ili zisipige kelele, na hapo ndipo wanapoziunguza: Volks yenye kelele ndogo ya valvu ni nzima, ya kuogopa ni iliyonyamaza. Tazama hasa valvu ya kutolea ya silinda ya 3, kwa kuwa kwenye injini za zamani kipoza oili kiliiziba hewa silinda hiyo. Ukiirekebisha na baada ya kilomita mia chache imebana tena, valvu inarefuka. Fungua hedi kabla kichwa chake hakijakatika na kutoboa pistoni.

Pointi ziweke milimita 0.4, lakini kabla ya kupima zitazame nyuso zake. Upande mmoja ukiwa na kichuguu na mwingine kishimo, shuku kondensa (kikopo kidogo cha umeme kinacholinda pointi), hasa kama mishindo huanza gari likishapata moto. Shika shafti ya distributa uitikise kando. Ikicheza, hakuna kipimo kitakachokaa. Taimingi hufuata baada ya pointi, kamwe si kabla, kwa sababu nafasi ya pointi ikipungua taimingi nayo inachelewa. Kwa distributa ya 009, tumia taa ya taimingi na utafute digrii 28 hadi 32 injini ikizunguka mara 3500 kwa dakika. Nyaya za plagi ni 1-4-3-2, kwa kufuata mwendo wa saa. Mbili zikibadilishana, kabureta itatema moto mara moja.

Kwenye injini yenye hedi za matundu mawili ya kuingizia, mipira inayounganisha manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa na petroli) hupasuka upande wa chini, jicho lisipofika. Injini ikinguruma bila kukanyagiwa mafuta, nyunyizia ukungu wa maji hapo, mbali na distributa. Mzunguko ukibadilika, umepata tundu.

Bado inapigia juu? Fungua vifuniko vya valvu, zungusha injini kwa mkono na upime kila roka inasukuma valvu umbali gani. Kamu (nundu ya shafti inayofungua valvu) ya kutolea ikilika, moshi hukosa njia, na valvu ya kuingizia ikifunguka unapanda kwenye kabureta. Kwenye injini hii kamu moja huhudumia silinda mbili zinazotazamana, kwa hiyo 1 na 3, au 2 na 4, zitaonyesha upungufu pamoja.

Yote hayo yakiwa sawa, sasa ni zamu ya kabureta: toa jeti kuu, kijitundu kinachopimia petroli, imulike uone kama mwanga unapita, ipulize kwa hewa, na usiipitishe waya, kwa sababu waya hupanua tundu.