Walimu tarajali na kamusi elezo za mtandaoni

Wakufunzi wengi wanaoandaa walimu hapa Dodoma huwakataza wanachuo kutumia Wikipedia katika kazi za kitaaluma. Hoja yao ni nzito. Tangu Januari 2001, kamusi elezo hiyo imeruhusu karibu kila mtu kuihariri, na mwaka 2005 ilibainika kwamba wasifu wa mwanahabari Mmarekani John Seigenthaler ulikuwa umebeba kwa zaidi ya miezi 4 uzushi uliomhusisha na mauaji ya Rais John Kennedy wa Marekani na nduguye Robert. Kwa mwalimu tarajali hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu kosa analolinakili leo litaingia kwenye andalio la somo, na kutoka hapo litafika kwenye madaftari ya darasa zima.

Hata hivyo, mwaka huohuo jarida la Nature lililinganisha makala 42 za sayansi, likapata wastani wa makosa 4 hivi kwa kila makala ya Wikipedia na 3 kwa Britannica, kamusi elezo inayoandaliwa na wataalamu, ingawa Britannica ilipinga vikali njia iliyotumika. Kazi za wataalamu nazo, basi, zinahitaji kuhakikiwa. Isitoshe, katazo halimzuii mwanachuo mwenye simu na bando; humfundisha tu kuficha alikosoma, na huo, kwa maoni yangu, ni udhaifu mbaya kuliko ule uliokusudiwa kuzuiwa.

Tuchukue mradi wa karanga wa Kongwa, ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951 baada ya kushindwa na uhaba wa mvua na udongo uliokauka na kuwa mgumu mno. Mwanachuo wa historia atapata mtandaoni miaka, gharama na mabishano ya kisiasa ya London, na huo ni mwanzo mzuri. Lakini akiishia hapo, atakuwa ameandika habari za Kongwa kwa macho ya waliotuma matrekta, huku Wagogo ambao ardhi yao ilifyekwa wakitajwa kwa kupita tu, ilhali yeye yuko kilomita chini ya mia kutoka kwa wajukuu wao na anaweza kuwauliza.

Wikipedia yenyewe haipendekezi itumike kuwa chanzo cha kunukuliwa katika tasnifu. Tanbihi za makala humwelekeza msomaji kwenye vitabu na nyaraka, na ukurasa wa historia huonyesha kila badiliko lililofanywa. Kutumia zana hizo ni stadi ya ualimu, na inastahili kufundishwa waziwazi badala ya kuachwa kwa mwanachuo ajitafutie. Ningependa mkufunzi adai kila dai lifuatiliwe hadi kwenye chanzo chake, kisha mwanachuo aboreshe makala moja ya Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003 na ambayo bado ni ndogo sana ikilinganishwa na ile ya Kiingereza, na kazi hiyo ihesabiwe katika alama zake za muhula.