Anguko la Tatu: Je, Monster Hunter Hupoteza Muda wa Vijana Wetu?

Hapa Mtwara Mjini, ukitaja gemu watu wengi hufikiria mpira: banda, televisheni, vijana wawili wameshika pedi, na mwenye banda akihesabu mechi ili ajue atoze kiasi gani. Ndiyo maana mzazi wa Chikongola anayemkuta kijana wake barazani, ameinamia PSP ya mtumba, mashine ya gemu ya mkononi, karibu saa nzima akipambana na mnyama yule yule aliyepambana naye jana na juzi, huona kwamba hapo hapana hata ushindani wa mpira, bali muda unaoteketea. Lawama hiyo haina chuki ndani yake, na hata baadhi ya wachezaji huikubali.

Gemu hiyo ni Monster Hunter ya kampuni ya Capcom ya Japani, ambamo mchezaji huwinda wanyama wakubwa wa kubuni. Ilianzia kwenye PlayStation 2 mwaka 2004, ikaingia kwenye PSP mwaka uliofuata, na ni huko mkononi ilikopata umati wake; toleo la Portable 3rd la mwaka 2010 liliuzwa nakala zaidi ya milioni 4. Mwindaji wake hapati nguvu kwa kukusanya pointi. Nguvu zake zimo katika silaha na mavazi anayotengenezewa kwa magamba, pembe na mifupa ya mnyama aliyemwangusha, kwa hiyo anayetaka vazi kamili hana budi kumrudia mnyama huyo. Hapo wanaolalamika wana hoja nzito. Tuseme kipande adimu kina uwezekano wa asilimia 2 kila unapochuna mzoga: baada ya kuchuna mara 50, zaidi ya mchezaji mmoja kati ya watatu atakuwa bado hajakiona. Hiyo ni bahati nasibu, na sina namna ya kuwatetea walioiweka.

Wengine huchukizwa na uwindaji wenyewe. Katika mkoa wa Lindi, hasa Liwale inayopakana na pori la Selous, neno hilo si la kuchezea, maana tembo wa Selous walikadiriwa kuzidi 100,000 katika miaka ya 1970 na hesabu ya mwaka 2013 ikakuta kama 13,000 tu. Lakini katika mchezo huu mwindaji hutumwa na chama chenye kanuni, na mara nyingi anaweza kumtega mnyama na kumlaza badala ya kumuua. Naiheshimu hofu hiyo, ila siioni kuwa inaugusa mchezo wenyewe.

Kinachosahaulika ni kanuni moja ndogo, nayo ndiyo iliyonifanya niandike. Safari ya kuwinda kwa kawaida hupewa dakika 50 na maanguko matatu. Ukizidiwa, paka hukubeba kwenye mkokoteni hadi kambini, na kila anguko hukata theluthi ya malipo. La tatu likitokea, safari imeshindwa na hakuna anayelipwa. Sasa, wakiwinda wanne pamoja, maanguko hayo matatu ni ya wote. Hakuna mwenye fungu lake. Mmoja mwenye papara anaweza kuyatumia yote peke yake katika dakika kumi za kwanza, wenzake wakiwa hawajakwaruzwa hata ukucha. Fikiria mpira ambao kadi nyekundu ya beki mmoja inamaliza mechi nzima! Kwa sababu hiyo hodari wa kundi hawezi kumpuuza mgeni. Inambidi amfundishe, kwa kuwa kila kosa la mgeni linatoka mfukoni mwake.

Na cha kufundisha kipo. Mchezo hauonyeshi uhai uliobaki wa mnyama, hivyo ni lazima umsome. Mnyama aitwaye Tigrex akikasirika, mishipa ya mikono yake huwa myekundu. Akikukosa kwa kasi na kugonga ukuta, meno hunasa, nawe unapata nafasi ya kupiga. Akianza kuchechemea na kukimbilia mahali pa kulala, mwisho wake umekaribia. Silaha nayo hupoteza makali, kwa hiyo lazima ujue ni wakati gani wa kujificha na kutoa kinoo. Anayesema ni mnyama yule yule kila siku anasema kweli kuhusu mnyama, ila si kuhusu mwindaji: aliyeanguka mara tatu Jumatatu, Ijumaa humaliza kazi hiyo hiyo kwa dakika 20 akiwa na silaha ile ile.

Tena PSP zinaunganishwa zenyewe kwa zenyewe zikiwa karibu, bila intaneti, kwa hiyo hakuna bando linalonunuliwa, na kijana hulazimika kukaa ubavuni mwa mwenzake ili wawinde pamoja. Gharama ipo mahali pengine: wanne wanahitaji mashine nne, na betri za mtumba hazidumu. Banda nalo haliwezi kuwasaidia, kwani mechi ya mpira huisha kwa dakika chache na mteja mwingine akakaa, ilhali safari moja ya Monster Hunter ingekalia kiti karibu saa nzima. Basi mchezo huu umebaki barazani, machoni pa mzazi, na anachokiona yeye ni migongo minne iliyoinama. Maanguko mangapi yamebaki, na nani anayelindwa na nani, hayaonekani kutoka mlangoni.