Silaha za nyuklia baharini: udhaifu wa Uingereza uko gatini

Tangu Aprili 1969, Uingereza imekuwa na nyambizi angalau moja yenye makombora ya nyuklia iliyojificha baharini, usiku na mchana. Mwaka 1998 iliondoa mabomu ya mwisho ya nyuklia ya ndege, ikabaki na makombora ya Trident, yanayorushwa kutoka nyambizi, peke yake.

Watetezi wa mpango huu wana hoja nzito. Uwanja wa ndege hauhami. Adui anaulenga miaka mingi kabla ya vita. Chini ya maji rada haifiki, kwa hiyo anayewinda nyambizi hutegemea zaidi sauti. Nayo nyambizi hujikokota polepole na kunyamaza: inapokea ujumbe wa redio, haijibu. Kinu chake cha nyuklia huzalisha umeme wa kutengeneza hewa na maji ya kunywa, hivyo kinachoirudisha nyumbani ni chakula na uchovu wa watu. Serikali yenye uhakika kwamba silaha zake hazitaangamizwa kwa shambulio la ghafla haina haraka ya kuzifyatua. Faida hii ni ya kweli, na wapinzani wengi huiruka.

Hata hivyo, nyambizi zenyewe ni nne tu. Moja huwa doria, moja kwenye matengenezo makubwa, mbili zilizobaki hujiandaa au kufanya mazoezi. Ikikwama moja, mpango mzima unayumba. HMS Vanguard, mojawapo ya hizo nne, iliingia karakana ya Devonport, kusini-magharibi mwa Uingereza, mwishoni mwa 2015, ikatoka Mei 2023. Sehemu ya kazi hiyo ilikuwa kubadilisha fueli ya kinu, tahadhari iliyochukuliwa baada ya mionzi kidogo kuonekana kwenye maji ya kupozea kinu cha majaribio huko Dounreay, Scotland. Wakati huo wote mzigo ulizielemea nyambizi tatu zilizoundwa kutumika miaka 25. Doria zimefika zaidi ya miezi mitano. Doria ndefu huchakaza mitambo, mitambo iliyochakaa hurefusha matengenezo, na matengenezo yakichelewa, walioko baharini hawana wa kuwapokea. Mabaharia nao huchoka na kuacha kazi.

Mpango wa nyambizi mpya za kuchukua nafasi ya hizi, aina ya Dreadnought, umetengewa pauni bilioni 31 na akiba ya bilioni 10, na nyambizi ya kwanza inatarajiwa mwanzoni mwa miaka ya 2030. Nazo zitakuwa nne. Kwa maoni yangu hapo ndipo kosa lilipo: nyambizi ya tano ya kizazi cha kwanza ilifutwa mwaka 1965 ili kubana matumizi, na pengo hilo halijazibwa. Ufaransa pia ina nne, lakini imebakiza makombora ya nyuklia kwenye ndege zake za Rafale.