Tangazo la ukweli mtupu

Shemeji yangu ana ugonjwa wa kusema ukweli. Watu wote waosha mazulia hapa Mombasa wanaandika "litarudi kama jipya", na wewe mwenyewe wajua zulia lililokanyagwa na watoto sita haliwi jipya hata ulioshe na maji ya waridi, lakini yeye hataki, ati pesa ya tangazo la uongo haina baraka. Ilikuwa Shaabani hio, kila nyumba inatoa mazulia nje kabla ya mwezi mtukufu, kazi imejaa tele, sie tuko barazani tunaandika ukweli.

Na ukweli ukawa mwingi. Yeye anasema mimi naandika: Doa jipya hutoka rahisi. Doa lililokaa miaka mingi tutajaribu tu, hatuahidi. Doa la bizari tunalianika, jua lenyewe hulififisha. Doa la hina usitegemee, manake hina inashika sufi vile inavyoshika nywele, tutachukua pesa yako na litabaki. Kwanza tunajaribu dawa kidogo pembeni, mahali wageni hawaoni. Jiki hatutii, inakula rangi. Mvua ikinyesha vumilia, kukauka si siku moja. Bei ni kwa futi mraba. Na juu kabisa, herufi kubwa: TUNAONDOA DOA SUGU, HATUDANGANYI MTU.

Tukapeleka sayba moja pale Mwembe Tayari. Stima zikapotea. Kijana wa pale akasema msijali, akaandika yote kwa simu yake, na hio simu ina ile tabia ya kusahihisha watu wazima. Stima ziliporudi akatoa karatasi ya kwanza shemeji aikague, naye akakagua namba ya simu, tarakimu moja moja kwa kidole, manake namba ikikosewa ndo hasara yenyewe. Namba ilikuwa sawa. Risimu nzima, karatasi 500, kila moja ikakatwa vipande vinne, hizo ni tangazo 2000 zikaingia mjini, Bondeni, Makadara, Kisauni, na fungu kubwa tukapeleka feri ya Likoni kwa sababu pale mtu akisubiri hana la kufanya ila kusoma.

Sasa hebu rudi juu usome tena, kila penye doa tia ndoa.

Sie hatujui. Simu ya kwanza ni mama mmoja, anaongea chini chini, ati hio huduma yenu mwaja nyumbani ama nimlete? Nikamwambia tunakuja, likilowa ni zito hutaweza. Akanyamaza kidogo. Nikauliza ukubwa wake. "Kama futi sita hivi." Na upana? "Mwembamba tu, chakula hali vizuri." Nikauliza lina miaka mingapi ndani ya nyumba, akasema kumi na tisa, na akashusha pumzi mpaka nikaisikia. Mimi nikamtuliza vizuri kabisa, nikamwambia mama usijali, tukifika tutasugua pembeni kwanza tuone kama litavumilia. Akakata simu.

Ya pili ni mwanamume anafoka. Mkewe amebandika karatasi yetu kwa friji na amezungushia kalamu pale pa miaka mingi. Ananiuliza sisi ni kina nani na nani ametutuma. Hapo ndo nikachukua karatasi nikaisoma mwenyewe, lo, miguu ikaisha nguvu.

Dada yangu alikuwa ameshaisoma. Hakupiga kelele, alimuuliza shemeji swali moja tu, hio mnayojaribu lakini hamuahidi ni ipi? Shemeji akala futari ya sunna jioni hio kwa jirani.

Lakini aliyetumaliza ni mzee mmoja wa Mji wa Kale, mwalimu mstaafu, alitutumia mtoto mpaka barazani, njooni nyinyi wawili. Tukaenda tumejiandaa kutukanwa. Mzee amevaa miwani, karatasi yetu iko mapajani imejaa wino mwekundu. "Ndoa jipya? Ndoa lililokaa? Hicho ni Kiswahili cha wapi, na nyinyi watoto wa Mvita wenyewe?" Alikuwa amesahihisha kila kitu, ndoa mpya, ndoa iliyokaa, ndoa sugu akaiacha. Shemeji akajaribu kumweleza. Mzee akamkatiza, kuvunja ndoa za watu ni kazi yenu na Mola wenu, lakini lugha msinivunjie.

Yule wa friji alikuja mwenyewe siku mbili kabla ya mwezi kuandama, zulia begani, mkewe nyuma yake. Zulia la sufi, zuri, na katikati doa la hina la harusi ya binti yao. Shemeji akamwambia halitoki. Akasema nyinyi osheni tu. Tukaosha, tukasuuza kwa maji ya tamu ya kununua manake ya kisima yana chumvi, tukalitandika ukutani, mawingu yakatuweka, mwisho likakauka. Safi kila mahali, na doa liko pale pale. Bwana akasema halipi hata ndururu.

Mkewe akafungua pochi, akatoa karatasi yetu, akamsomea kwa sauti mbele ya baraza nzima: "Ndoa la hina usitegemee, tutachukua pesa yako na litabaki."

Akalipa.