Mwanasheria wa Jiji Achaguliwe kwa Kura

Mwanasheria aliyeteuliwa na meya atamwambia meya "hapana, hilo si halali" mara ngapi kabla hajaanza kuihofia kazi yake? Kwa sababu hiyo nauunga mkono utaratibu wa baadhi ya miji ya Marekani, ikiwemo Los Angeles, San Francisco na San Diego, ambako mwanasheria wa jiji hupigiwa kura na wananchi sawa na meya mwenyewe. Miji mingi ya huko humteua tu.

Kazi yake ni pana. Huwashauri meya, madiwani na idara, hupitia mikataba, na hulitetea jiji likishitakiwa. Los Angeles na San Diego humwongezea mashtaka ya makosa madogo. Yale mazito ni ya mwendesha mashtaka wa kaunti.

Tena anaweza kushambulia. Sheria ya California ya ushindani usio wa haki inamruhusu mwanasheria wa jiji lenye watu zaidi ya 750,000 kufungua kesi kwa jina la wananchi wa jimbo. Mei 2015 Mike Feuer wa Los Angeles aliishitaki benki ya Wells Fargo, ambayo wafanyakazi wake, wakisukumwa na malengo ya mauzo, walikuwa wakifungulia watu akaunti wasizoziomba. Septemba 2016 benki ikakubali kulipa dola milioni 185, milioni 50 kati ya hizo zikienda kwa jiji na kaunti ya Los Angeles. Mtu aliyekatwa ada ya akaunti asiyoijua angepata wapi nguvu ya kupambana na benki kubwa kiasi hicho?

Lakini kisa kinachonikaa moyoni ni cha San Diego, ambako nafasi hii ni ya kuchaguliwa tangu katiba ya jiji ya 1931. Viongozi, kwa makubaliano ya 1996 na 2002, waliwaahidi watumishi pensheni nono huku jiji likichangia mfuko pungufu ya ilivyostahili. Shimo likazidi dola bilioni moja. Michael Aguirre alichaguliwa mwaka 2004, akaanza kuwachunguza viongozi wale wale aliopaswa kuwashauri, na ripoti zake akazitoa hadharani. Madiwani wakalalamika: sisi ndio wateja wako! Yeye akashikilia kwamba mteja wake ni wananchi.

Naamini kwa hilo alikuwa sahihi. Mwaka 2006 tume ya shirikisho inayosimamia masoko ya mitaji iliona kwamba jiji liliwapotosha wawekezaji walionunua hati zake za mkopo, maana hali halisi ya mfuko ilifichwa. Siri ya nani basi ilistahili kulindwa? Hata hivyo diwani akiogopa kwamba swali lake la leo litatokea gazetini kesho, ataacha kuuliza, na jiji litaingia mikataba bila ushauri. Hapo Aguirre alikosea, na kesi yake ya kutaka kuzifuta pensheni zile aliishindwa.

Mwaka 2008 wapiga kura walimwondoa, wakamchagua Jan Goldsmith, aliyekuwa jaji. Nafasi yenyewe hawakuirudisha mikononi mwa meya. San Diego inaipigia kura hadi leo.