Bunge la Kerala na wanawake walioachwa mlangoni

Tarehe 2 Mei 2021 ilikua Ramadhani, nishakula daku nishasali najitayarisha kwenda kazini, nkamsikia jirani yangu anapiga ukelele ukumbini. Huyu jirani ni nesi kutoka Kerala, jimbo la kusini mwa India, hapa Muscat tumepanga nyumba moja miaka mingi, na asubuhi ile alikua katoka zamu ya usiku lakini hajalala wala nguo za kazi hajavua, simu kaiegemeza kwenye chupa ya chai anatazama kura za bunge la jimbo lao zinavohesabiwa. Kule saa mbili ndo wanaanza kuhesabu, kwetu huku ni saa kumi na mbili na nusu. Alikua anamfuatilia mtu mmoja tu, K.K. Shailaja waziri wa afya wa jimbo, yeye anamwita Shailaja Teacher kama wanavomwita wote kwao, mana alikua mwalimu kabla ya siasa.

Toka siku ile nimekua nalisoma sana hili bunge lao, wenyewe wanaliita Niyamasabha, liko Thiruvananthapuram, mji mkuu wa jimbo. Na nasema wazi kua ni bunge lenye historia ya kujivunia kabisa lakini vyama vinavolijaza vimewadhulumu wanawake, na dhulma inafanyika mapema sana, kwenye kugawa tiketi za kugombea, kabla hata mpiga kura hajaamka siku ya kura.

Kwanza historia yenyewe mana ni tamu. Mwaka 1888 mfalme wa Travancore, ufalme wa zamani ambao sehemu yake kubwa ndo Kerala ya kusini, aliunda baraza la kutunga sheria la watu 8, wote wa kuteuliwa na wengi wao maofisa wake. 1904 likaja baraza jengine pana zaidi, Sree Moolam Praja Sabha, na humo baadae akaingia Ayyankali, mtu wa tabaka ambalo watu wake walikua wanakatazwa hata kupita barabara za wakubwa, akakaa kitako na matajiri akawadai ardhi na shule kwa ajili ya watu wake. Mimi hapo huwa nasimama kidogo, mana fikiria mtu hajui kusoma wala kuandika na anadai shule mbele ya wakubwa!

Jimbo la Kerala lenyewe lilizaliwa tarehe 1 Novemba 1956 na uchaguzi wa kwanza ukafanyika 1957, wakashinda wakomunisti wa E.M.S. Namboodiripad, viti 60 kati ya 126, wakaungwa mkono na wagombea binafsi wakaunda serikali. Dunia nzima ikashangaa wakomunisti kupewa nchi kwa kura. Sasa sikiliza, mbunge wa kwanza kabisa kuapishwa alikua mwanamke, Rosamma Punnoose. Na waziri wa ardhi na mapato alikua mwanamke, K.R. Gouri, ndo aliyepeleka bungeni mswada wa kumlinda mkulima asifukuzwe kwenye shamba la kukodi na kumwekea mwenye ardhi kikomo cha kumiliki. Serikali ile ilifukuzwa na serikali kuu ya Delhi tarehe 31 Julai 1959 lakini kazi ile haikufa, ilikuja kukamilika miaka ya baadae na wakulima wengi wakapata ardhi ile waliyokua wakiilima.

Kwahiyo mlango ulifunguliwa na wanawake. Haya njoo 2021, walichaguliwa wabunge 140, wanawake 11. Kumi na moja! Na hili ni jimbo ambalo sensa ya 2011 ilikuta wanawake 1,084 kwa kila wanaume 1,000, na karibu wote wanajua kusoma.

Watetezi wa vyama wanasema mwanamke hashindi, ati ukimpa tiketi umepoteza kiti. Mimi hilo silikubali hata kidogo. Shailaja siku ile alishinda kiti cha Mattannur kwa tofauti ya kura zaidi ya 60,000. Ushahidi gani tena? Upande wa pili, Lathika Subhash, mwenyekiti wa wanawake wa chama cha Congress jimboni, alipoona kanyimwa tiketi mwezi wa tatu mwaka ule alikaa kwenye kiti mbele ya ofisi ya chama chake akanyolewa nywele zote mbele ya kamera. Niliitazama ile video mara nyingi, nywele zinaanguka na yeye kakaza uso, nkalia. Na Muslim League, chama cha Waislamu, walisimamisha mwanamke mmoja tu, na huyo alikua wa kwanza kwao baada ya miaka 25. Hili kama mwanamke wa Kiislamu limeniuma.

Yule K.R. Gouri, watu wakimwita Gouri Amma, alifariki tarehe 11 Mei, siku tisa baada ya matokeo, ana miaka 101, na waziri kiongozi, yaani mkuu wa serikali ya jimbo, hakuwahi kua ingawa 1987 watu waliimba kampeni nzima kua ndo atatawala. Wiki iliyofuata baraza jipya la mawaziri likatajwa na Shailaja hayumo, chama chake kikasema kinataka sura mpya, ingawa waziri kiongozi alibaki yuleyule. Nakiri waziri mpya wa afya nae alikua mwanamke, Veena George, na mawaziri wanawake walikua watatu. Hata hivyo jirani yangu alizima simu, siku ile hakutaka kuzungumza na mtu.

Bunge la India lilipitisha 2023 sheria ya kuwatengea wanawake theluthi ya viti, mpaka mabunge ya majimbo, lakini iliwekewa sharti la kungoja sensa na kuchora upya mipaka ya maeneo ya uchaguzi. Vyama vingeweza kutoa tiketi bila kungoja. Wanawake wapo, mana kwenye mabaraza ya vijiji, panchayati, nusu ya viti ni vyao kisheria. Mamake jirani yangu alikua huko kipindi kimoja, anajua kila mfereji na kila bibi asiyepata pensheni, kisha kiti kile kikarudi kwa wote, mana viti vya wanawake huzunguka kwa zamu, chama kikamsimamisha mwanamme na yeye akaambiwa asante mama, kapumzike. Ana miaka 52.